Chakula cha Mtumba, Zamani na Sasa

Mtumba ni mahali katika nchi ya Wagogo, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Leo pana majumba makubwa, kwani mwaka 2019 wizara za Serikali ya Tanzania zilianza kuhamia huko. Watu wametoka kila mkoa, na kila mtu amekuja na mapenzi ya chakula cha kwao: huyu hutaka wali, huyu ndizi, huyu ugali wa mahindi. Je, kabla ya mji huo, wenyeji walikula nini?

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Mvua huanza mwezi wa Desemba na kukoma mwezi wa Aprili, nayo ni haba. Jua likikaza, mahindi hunyauka upesi, bali uwele na mtama huvumilia. Kwa hiyo Wagogo walipanda nafaka hizo, wakazisaga juu ya jiwe, wakasonga ugali. Kitoweo chao kilikuwa mlenda. Majani yake huchumwa porini wakati wa mvua, huanikwa juani, kisha hutwangwa yakawa unga. Unga huo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Kiangazi huchemshwa kidogo tu, ukawa mboga ya nyumba nzima. Ng'ombe waliwapa maziwa, na mibuyu ikawapa ubuyu. Nafaka iliyosalia waliiweka katika vihenge ndani ya tembe, kwa maana hakuna aijuaye mvua ya mwaka ujao.

Lakini akiba hiyo iliondolewa. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza, majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalitwaa nafaka na ng'ombe wa Wagogo, na vijana wakachukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosekana, na vihenge vilikuwa vitupu. Ndiyo njaa kuu ya miaka 1917 hata 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Maelfu ya watu walikufa. Ukame walikuwa wameuzoea tangu kale. Kuukabili bila akiba hawakuweza.

Tena mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, katika nchi hiyo hiyo ya Wagogo. Mitambo ilikuwa mingi na fedha nyingi zilitumika. Lakini mvua haikutosha, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 kazi iliachwa. Uwele wa wenyeji uliendelea kuota.

Basi, mtoto, ukipewa ugali wa uwele na mlenda, usiuite chakula cha maskini. Ni chakula cha watu walioijua nchi yao na kuiandalia kiangazi mapema. Akiba haiozi.