Kenya: Majaji wa Mahakama ya Juu hupatikana vipi, na asasi za kiraia huangalia nini?

Nchini Kenya, kesi ya kupinga matokeo ya urais humalizikia mbele ya majaji saba. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais na kuamuru urudiwe. Ndiyo maana swali la nani anakaa kwenye viti hivyo saba si la mawakili peke yao. Tunaeleza jinsi majaji hao wanavyopatikana na kwa nini asasi za kiraia hulifuatilia jambo hili kwa karibu.

Zamani ilikuwaje?

Kabla ya katiba ya 2010, rais alimteua Jaji Mkuu mwenyewe. Wengi waliona mahakama kama idara nyingine ya Ikulu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, upinzani ulikataa kwenda mahakamani ukisema hauna imani kwamba ungetendewa haki. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000.

Utaratibu wa sasa

Kazi ya kuwatafuta majaji sasa ni ya Tume ya Huduma za Mahakama, yenye wajumbe 11. Wamo majaji, hakimu, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na wenzao, mjumbe kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na raia wawili wasio wanasheria wanaowakilisha wananchi.

Tume hutangaza nafasi, huchapisha majina ya waombaji na kuwaalika wananchi watoe taarifa walizo nazo juu yao. Kisha huwahoji waombaji hadharani. Mwombaji wa Mahakama ya Juu anatakiwa awe na uzoefu wa miaka isiyopungua 15. Tume ikishaamua, rais hufanya uteuzi rasmi. Jaji Mkuu na naibu wake lazima pia waidhinishwe na Bunge la Taifa.

Asasi zilipoingia kati

Utaratibu huu ulijaribiwa mapema. Januari 2011, Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu bila kupitia tume. Asasi za kiraia, likiwemo shirika la CREAW linalotetea haki za wanawake, zilikwenda Mahakama Kuu, nayo ikasema uteuzi huo ulikiuka katiba. Rais akaondoa majina. Nafasi ikatangazwa, mahojiano yakafanyika hadharani, na Willy Mutunga, aliyetoka katika harakati za haki za binadamu, akawa Jaji Mkuu.

Si kila kesi ilishinda. Mwaka huohuo, shirika la mawakili wanawake, FIDA Kenya, lililalamika kwamba wanawake wawili kati ya majaji saba hawafikii theluthi moja inayotajwa na katiba. Mahakama ililikataa ombi hilo. Hata hivyo hoja haikufa. Mwaka 2021, baada ya wagombea kumi kuhojiwa huku nchi ikitazama kwenye televisheni, Martha Koome akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu, na mahakama ikawa na wanawake watatu.

Wanachoangalia

Asasi husoma hukumu ambazo mwombaji aliwahi kuandika, huchunguza mali na mwenendo wake, kisha huwasilisha maoni kwa maandishi. Wakati wa mahojiano huangalia kama wote wanaulizwa maswali ya haki. Mwombaji mwanamke akiulizwa kuhusu ndoa yake na mwanamume akaachwa, watu huona.

Lakini mwanga huo una mwisho wake. Baada ya mahojiano, tume hujadiliana faraghani, na mwananchi aliyeyafuatilia kwa siku nyingi hasikii mizani ilivyoegemea. Wale raia wawili wanaomwakilisha pia huteuliwa na rais, ingawa kwa idhini ya bunge. Na mlango ulio wazi huingiza pia uchafu: malalamiko mengine huwa ni kisasi cha aliyeshindwa kesi. Asasi inayobeba tuhuma bila ushahidi huharibu jina la mtu na kudhoofisha sauti yake yenyewe.

Kwa hiyo, nafasi ikitangazwa tena, yeyote mwenye taarifa ya kweli anaweza kuiandikia tume ndani ya muda uliotolewa, akitaja alichokiona na kuambatisha ushahidi. Jaji akishaapishwa, kumwondoa ni safari ndefu. Wakati wa kuuliza ni kabla hajashika Biblia au Kurani.