Injini Ikivunjika, Chanzo Ni Nini? Gari Lililobadilishwa Mbele ya Waranti

Kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi, ina programu inayoamua mafuta kiasi gani yanyunyizwe, turbo isukume hewa kwa shinikizo gani na, kwa gari la petroli, plagi iwake wakati gani. Katika magari mengi ya leo kompyuta hiyo huipitia programu yake yote kwa hesabu maalumu na kutoa namba moja fupi. Ikiguswa hata tarakimu moja ya programu, namba inakuwa nyingine. Fundi wa kampuni huchomeka kifaa cha uchunguzi chini ya usukani, huisoma namba na kuilinganisha na ya kiwandani. Boneti haijafunguliwa bado, naye ameshajua kwamba programu imebadilishwa.

Wanaouza huduma ya kuongeza nguvu kwa kubadilisha programu humwambia mteja kwamba programu ya awali ikirudishwa hakuna atakayejua. Namba kweli hurudi. Lakini kompyuta nyingi pia huhesabu zimeandikwa upya mara ngapi, na baadhi hutunza kumbukumbu za shinikizo la juu kabisa lililowahi kufikiwa. Huwezi kujenga biashara juu ya siri ambayo gari lenyewe limeiandika.

Hata hivyo namba ile inathibitisha jambo moja tu: programu imebadilishwa. Haisemi kwamba mabadiliko hayo ndiyo yaliyovunja kitu. Mgogoro wote wa waranti umelala kati ya mambo hayo mawili, na wenye magari wengi hupoteza haki yao kwa kudhani kuwa ni jambo moja.

Marekani wameliwekea sheria. Sheria ya Magnuson-Moss, iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford Januari 1975, inamkataza mtengenezaji kuifunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri au huduma ya kampuni fulani, isipokuwa avitoe bure au apate kibali maalumu. Tume ya Biashara ya Shirikisho, inayosimamia sheria hiyo, inaeleza wazi kwamba kumkuta mteja na kipuri cha kampuni nyingine hakutoshi kumnyima waranti. Anayekataa kutengeneza aonyeshe kuwa kipuri hicho ndicho kilicholeta hitilafu. Mwaka 2015 tume hiyo iliishtaki BMW kwa sababu kitengo chake cha MINI kiliwaambia wateja kuwa waranti inategemea vipuri vya MINI na huduma ya wauzaji wa MINI, na shauri likaishia kwenye makubaliano yaliyokataza mtindo huo. Ulaya nako, mwongozo wa ushindani unaokwenda na Kanuni ya 461/2010 hauruhusu waranti kutegemea huduma zote kufanyiwa ndani ya mtandao wa mtengenezaji.

Basi swali linahama kutoka kwa mwanasheria kwenda kwa mhandisi: je, kuna njia inayoweza kufuatwa kutoka kwenye kilichobadilishwa hadi kwenye kilichovunjika? Aliyebadilisha ekzosi kisha mota ya dirisha ikafa, njia hiyo haipo. Aliyeinua gari kwa springi ndefu kisha viungo vya ekseli za mbele vikaanza kugonga, ipo, tena fupi, kwani viungo hivyo sasa vinazunguka vikiwa vimepinda zaidi kuliko vilivyosanifiwa.

Programu ya injini ndiyo yenye njia nyingi kuliko zote. Chukua dizeli ya lita 2.8 yenye silinda za kipenyo cha milimita 92. Uso wa pistoni yake una eneo la sentimita za mraba 66 na ushei. Mlipuko ukifikia shinikizo la bar 150, pistoni hiyo inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa takriban tani 10. Ongeza asilimia 20 na umeiongezea tani mbili, na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni inapokea pigo hilo mara 1,000 katika dakika hiyo. Nguvu inateremka kwenye fimbo ya pistoni, beringi, krankshafti, klachi na giaboksi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobadilishwa wakati programu inabadilishwa.

Muuzaji wa programu atasema gari lilijaribiwa siku nzima na halikuvunjika, na pengine ni kweli. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alilishughulikia fumbo hilo katikati ya karne ya 19. Ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika chini ya mizigo ambayo, ukiipima mara moja, chuma kinaibeba bila shida. Alionyesha kwamba chuma huchoka: mzigo mdogo ukirudiarudia, ufa mwembamba huzaliwa na kukua kidogo kidogo, na mzigo ukizidi kidogo tu, idadi ya mizunguko ambayo chuma kinaweza kuistahimili hupungua mno. Kwa hiyo injini iliyoongezewa nguvu leo inaweza kupita jaribio lolote la leo, kisha ikakata krankshafti miaka miwili baadaye, safarini, ikiwa na mzigo wa kawaida.

Nyanda zetu za juu zina hatari yake. Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Tuseme programu inaitaka turbo ifikishe bar 2.4. Mombasa turbo itaikandamiza hewa mara 2.4 hivi, Nairobi itabidi iikandamize karibu mara 2.9, maana yake izunguke kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto zaidi. Programu ya kiwandani hupima hewa ya nje na kupunguza madai yake kadiri gari linavyopanda mlima. Faili iliyoandikwa kwa ajili ya barabara za Uholanzi na kuuzwa kwa intaneti inaweza kuwa imeiondoa hadhari hiyo, na mnunuzi hana namna ya kujua.

Tairi kubwa nazo zina jambo lisilotazamiwa. Ukitoka inchi 31 kwenda 33, kila mzunguko wa gurudumu unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 6 na kitu. Spidomita ikionyesha 100, uko kwenye 106. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, kwa hiyo oili inachelewa kubadilishwa na waranti ya kilomita 100,000 inaishia kwenye 106,000 za kweli. Akitaka kupinga dai, muuzaji ameshapata pa kushika.

Afrika Mashariki magari mengi huja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani, na waranti ya kiwandani ilishabaki huko. Jambo hili linawahusu wanaonunua mapya: miradi, kampuni za utalii, wenye pikapu za mkopo. Kwao badiliko la kawaida kabisa ni traka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, ambayo mara nyingi benki au kampuni ya bima ndiyo inayoidai. Fundi anachuna waya, anasokota, anafunga tepu. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.1 kikipitisha ampea 10 kinatoa wati 10 za joto mahali pamoja, ndani ya plastiki. Traka inayokula miliampea 50 itamaliza nusu ya betri ya ampea-saa 60 kwa siku 25 gari likiwa limeegeshwa. Mwenye gari hakutaka nguvu wala urembo. Alitii masharti ya mkopo, na mfumo wake wa umeme sasa una mahali pa kunyooshewa kidole. Naona ni dhuluma benki kudai kifaa bila kudai pia kwamba kifungwe kwa soketi badala ya kuchuna waya, na muuzaji wa gari aridhie kwa maandishi.

Land Cruiser za safari zinazokatwa, kurefushwa na kuwekewa paa la kufunguka katika gereji za Arusha na Nairobi ni kesi nyepesi kuamua. Chasisi ni boriti. Urefu kati ya ekseli ukiongezeka kwa asilimia 20 huku kila mita ikibeba mzigo uleule, nguvu inayoipinda huongezeka kwa asilimia 44. Ufa ukitokea karibu na mshono wa kuchomelea, dai liende kwa aliyechomelea. Lakini pampu ya dizeli ya gari hilohilo haijaguswa na gereji, na kuinyima waranti kwa sababu ya paa la kufunguka hakuna msingi wa kihandisi.

Sheria ya Marekani haimfungi muuzaji wa Dar es Salaam. Hapa yanayotawala kwanza ni maneno ya kijitabu cha waranti pamoja na sheria za nchi za kumlinda mlaji. Soma kijitabu hicho kabla ya kulipia badiliko lolote, kisha hifadhi risiti ya fundi, aina ya kipuri na picha za nyaya kabla na baada. Dai likikataliwa, omba barua inayotaja sehemu iliyoharibika, badiliko linalolaumiwa, na jinsi hilo lilivyoiharibu hiyo. Omba pia nakala ya kilichosomwa kwenye kompyuta siku hiyohiyo, kabla hitilafu hazijafutwa, kwa kuwa mhandisi huru utakayemwendea baadaye hatakuwa na kingine cha kusoma.