Jumapili ya mechi nyingi wakati wa Ebola

Jumapili tarehe 7 mwezi wa saba 2019, mpenzi wa mpira wa Beni au Butembo alikuwa na kazi ya kuchagua. Saa kumi na moja jioni Marekani na Uholanzi zilianza fainali ya Kombe la Dunia la wanawake huko Lyon. Saa moja baadaye Chui wa Kongo walikutana na Madagascar mjini Alexandria, Misri. Usiku, Brazil na Peru, fainali ya Copa América.

Kwa wengi, ni Chui kwanza. Wiki mbili nyuma walikuwa wamefungwa 2-0 na Uganda, na ukiwa mfanyabiashara wa Kasindi, Mganda ni jirani utakayekutana naye kesho.

Lakini Ebola, iliyotangazwa Mangina karibu na Beni tangu mwezi wa nane 2018, ilikuwa bado inaua. Watu walinawa mikono mlangoni na kusalimiana bila kushikana. Ndani ya ukumbi wa mpira sasa, watu hubanana bega kwa bega. Dakika ya 90 Chancel Mbemba akasawazisha, 2-2. Bao kama hilo humfanya mtu akumbatie hata asiyemjua. Nani angekumbuka katazo?

Kwenye penalti Marcel Tisserand na Yannick Bolasie wakakosa. Madagascar, wageni kabisa wa Kombe la Afrika, wakapita 4-2. Marekani ilishinda 2-0, Brazil 3-1, kwa aliyekuwa bado na nguvu ya kutazama.

Siku 10 baadaye OMS ilitangaza Ebola hiyo kuwa dharura ya kimataifa. Algeria na Senegal walikuwa wamebakiza siku 2 kufika fainali ya Cairo.