Ayonosfia ya Rufiji na Mapigo ya Nyota

Mwezi Novemba 1967, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza, alinasa mapigo ya redio yaliyorudi kila baada ya sekunde 1.337. Chanzo chake kilikuwa nyota ya nyutroni, yaani mabaki ya nyota kubwa iliyolipuka, ambayo hutumulikia mwale wake kila izungukapo. Nyota za namna hii huitwa palsa. Mawimbi aliyoyapokea yalikuwa na mitetemo milioni 81.5 kwa sekunde, yaani megahezi 81.5. Palsa hiyo hupita pia katika anga ya Kibiti. Je, mtu akitega erio kama ile huko Kibiti atapata habari ileile?

Jawabu limo katika ayonosfia, tabaka la hewa lianzialo kilometa 60 hivi juu yetu. Humo miali mikali ya jua huzivunja chembe za hewa na kuacha elektroni huru. Kwa msikilizaji wa redio tabaka hili ni neema, kwani huyarudisha chini mawimbi ya masafa mafupi, na matangazo ya nchi za mbali yakasikika. Kwa mtaalamu wa falaki ni pingamizi: mawimbi ya nyota yaliyo chini ya megahezi 10 hivi hurudishwa juu, na yanayopenya hufika yamepotoshwa.

Rufiji ina hali ya pekee. Ikweta ya sumaku ya dunia hupita Ethiopia. Mchana elektroni huinuliwa juu ya mstari huo, kisha huteremka kandokando kama maji ya chemchemi na kulundikana kaskazini na kusini. Delta ya Rufiji, iliyo nyuzi 8 kusini ya ikweta ya ramani, iko karibu na kilele cha lundo la kusini. Katika miaka ambayo jua limechachamaa, juu ya meta moja ya mraba huweza kuwako elektroni zenye hesabu ya 1 ikifuatwa na sufuri 18.

Madhara yake hayalingani. Elektroni zilizotawanyika kati ya nyota huyachelewesha mapigo ya palsa ya Bell kwa sekunde 7.7 hivi, ayonosfia huongeza sehemu 20 tu za milioni ya sekunde. Lakini wimbi hutikisika kwa kuelekea upande fulani, na elektroni zilizomo katika sumaku ya dunia huuzungusha upande huo: adhuhuri takriban mara 10, na kabla ya alfajiri, elektroni zikipungua hadi sehemu ya kumi, mara moja tu. Mzunguko wa namna hiyo ndio utumikao kupima sumaku iliyo kati ya nyota. Asiyeondoa kwanza sehemu ya ayonosfia ataihesabu sumaku ya dunia kuwa ya nyota.

Tena baada ya magharibi, hasa karibu na Machi na Septemba, hutokea mapovu yenye elektroni chache. Mapigo yapitayo humo hung'aa na kufifia, kama karabai ya mvuvi iangaliwapo kupitia maji yenye viwimbi, ingawa nyota yenyewe haikubadilika.

Dawa ni kuipima ayonosfia. Setilaiti za GPS hutuma mawimbi ya mitetemo tofauti, na tofauti ya kuchelewa kwake hutoa hesabu ya elektroni. Kipokezi cha namna hiyo kiko Malindi, Kenya. Faida yake si ya nyota pekee: lundo tulilolitaja, lisiposahihishwa, hukosesha umbali wa setilaiti kwa meta 16 hivi, nalo ni jambo kubwa kwa nahodha apitaye mikondo ya mikoko kutoka Nyamisati kwenda Mafia.

Wanafunzi waweza kuanza na redio ya kawaida. Wachague stesheni moja ya masafa mafupi, waandike nguvu ya sauti yake kila nusu saa tangu saa kumi jioni hadi saa nne usiku, kwa mwezi mzima. Wakichora grafu, wataiona ayonosfia ikibadilika juu ya shule yao.