Je, Wajua? Alikimbilia Simu, Si Baa

Mei 1935, Bill Wilson wa New York alikuwa hotelini Akron, Marekani. Alikuwa ameacha pombe miezi mitano tu, na baa ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaanza kupiga simu kwa wachungaji, akiomba akutanishwe na mtu mwingine aliyeshindwa na pombe. Akakutanishwa na daktari mpasuaji mwenye tatizo hilohilo, Bob Smith. Daktari alikubali robo saa tu. Walizungumza zaidi ya saa sita!

Ndipo Alcoholics Anonymous, jumuiya ya watu wanaokutana kusaidiana kuacha pombe, ilipoanza. Leo ina vikundi katika nchi takriban 180, Kenya ikiwamo.

Hakuna kiingilio. Sharti ni moja: kutaka kuacha pombe. Jina la kwanza linatosha, na hulazimiki kusema neno.

Unaogopa kwenda peke yako? Tafuta mkutano wa wazi. Huo humpokea hata ndugu asiyekunywa.