Kinachoimaliza Nta ya Gari

Mwenye gari akiona maji hayajikusanyi tena kuwa matone ya mviringo juu ya boneti, wiki nne au tano tu baada ya gari kupakwa nta, kwa kawaida hulilaumu jua, au humlaumu aliyemuuzia kopo. Hununua kopo jingine la bei kubwa zaidi, na baada ya wiki nne au tano malalamiko ni yale yale. Lawama hizo zina chembe ya ukweli, ila zimemkosa mhusika mkuu. Ukifuatilia nta ni kitu gani, imeshikaje kwenye rangi, na ni nguvu zipi zinazoweza kuiondoa, ushahidi unaelekea upande mmoja: sehemu kubwa ya nta inayopotea kwenye magari yetu huondolewa na namna tunavyoyaosha na kuyafuta, na sehemu nyingine haikuwahi kushika tangu siku ya kwanza kwa sababu ilipakwa juu ya uchafu.

Tuanze na unene, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Juu ya bati la gari la kisasa kuna praima, kisha rangi yenyewe, kisha utando angavu ambao mafundi wa rangi huuita klia. Klia hiyo ina unene wa maikroni 35 hadi 50 hivi, yaani pungufu ya unywele wa binadamu ambao ni kama maikroni 70. Tabaka la nta linalobaki baada ya kung'arishwa ni jembamba zaidi ya hapo kwa mbali, na kwa kawaida halifikii hata maikroni moja. Hesabu yake ni rahisi. Chukua gari lenye eneo la nje la mita za mraba 10. Kulifunika lote kwa nta kavu yenye unene wa maikroni moja kunahitaji sentimita za ujazo 10, ambazo ni vijiko viwili vya chai. Hicho ndicho kiasi chote kinachoweza kukaa. Anayepaka nta nene kama siagi kwa kudhani anaweka akiba, akiba hiyo yote huondoka na kitambaa anapofuta dakika kumi baadaye, na kinachobaki ni kile kile ambacho angebaki nacho kama angepaka kidogo. Kwa hiyo unene hauna msaada katika kurefusha maisha ya nta. Msaada uko kwenye mshiko.

Na mshiko wenyewe ni dhaifu. Nta haiungani na klia kikemia. Inashikiliwa na mvutano mdogo ulioko kati ya molekuli zinazokaribiana sana, mvutano unaoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Uholanzi, Johannes Diderik van der Waals, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Mvutano huo una nguvu pale tu vitu viwili vinapogusana kabisa. Ukiwepo mwanya mdogo sana kati yao, hupungua kwa kasi kubwa. Maana yake kwa mwenye gari ni kwamba chochote kilichokaa kati ya nta na klia, iwe ni mabaki ya sabuni, vumbi, utomvu wa mti, mafuta ya nta ya zamani au vichembe vya chuma vinavyotoka kwenye breki, ndicho kilichoshikwa na nta badala ya klia. Kikitoka, nta inatoka nacho. Kuna kipimo chepesi cha kujua hali ya klia kabla ya kupaka. Osha gari, likaushe, kisha vaa mkononi karatasi laini ya nailoni kama ile inayofungiwa mkate, na upitishe vidole taratibu juu ya boneti na paa. Kile ambacho ngozi ya kidole haikukihisi, nailoni itakionyesha: mkwaruzo mdogo mdogo kama wa msasa mlaini, na mara nyingine hata sauti yake husikika. Hivyo ni vichembe vilivyojichimbia kwenye klia, na maji na sabuni haviviondoi. Huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari, unaotelezeshwa juu ya bodi iliyolowa maji yenye shampuu mpaka sehemu yote iwe laini kama kioo. Gari lililotumika miaka kadhaa Japani kabla ya kushushwa Mombasa au Dar es Salaam limekusanya vichembe hivi tangu huko, kwa hiyo hata gari linaloonekana safi siku linapotoka bandarini linahitaji kipimo hiki.

Sasa tuje kwenye jua, kwa kuwa hoja yake ni nzito na inastahili kujibiwa kwa haki. Boneti nyeusi iliyoegeshwa juani saa saba mchana inaweza kufika nyuzi 70 za Selsiasi na kuzidi. Nta ya nyuki, ile inayorinwa Tabora na kusafirishwa nje ya Tanzania, huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo peke yake ingelainika juu ya boneti hiyo na kunasa kila vumbi linalopita. Ndiyo sababu watengenezaji huitegemea karnauba, nta ya mnazi-pori wa kaskazini mashariki ya Brazili uitwao kitaalamu Copernicia prunifera. Mti huo huyafunika majani yake kwa nta ili maji yasipotee wakati wa kiangazi kirefu cha huko. Majani hukatwa, hukaushwa na kupigwa mpaka nta inapukutika kama unga. Huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86, na ni ngumu kuliko nta zote za asili zinazotumika sana kibiashara. Thamani yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1935 Herbert F. Johnson Mdogo, mkuu wa kampuni ya nta ya Johnson ya Racine, Wisconsin, alisafiri kwa ndege kutoka Marekani hadi Brazili ili kujionea kama miti hiyo ingeweza kuendelea kutosheleza kiwanda chake.

Lakini karnauba tupu ni ngumu mno kupakwa kwa mkono. Hukatika kama mshumaa wa baridi. Ndani ya kopo huchanganywa na viyeyusho, mafuta, nta laini na mara nyingi silikoni, na maandishi ya “karnauba asilimia 100” huzungumzia usafi wa karnauba iliyotumika, si kwamba kopo halina kingine. Kwa hiyo anayesema jua linadhuru nta hakosei. Joto hulainisha yale mafuta, na miale ya urujuanimno pamoja na oksijeni huibadilisha nta kikemia pole pole. Hata hivyo kulainika si kutoweka. Molekuli za nta ni ndefu na nzito, hazigeuki mvuke kwenye nyuzi 70, na boneti ikipoa jioni nta huganda tena pale pale. Huko Fayum, Misri, kulichorwa picha za sura za watu kwa rangi iliyochanganywa na nta ya nyuki katika karne za kwanza baada ya Kristo, na leo bado zinaonekana kwenye makumbusho zikiwa na mng'ao wake. Ni kweli zilikaa makaburini, mbali na jua. Lakini pia hazikusuguliwa kwa sabuni kila wiki, na hilo ndilo linalotupeleka kwenye ushahidi ulioko kwenye gari lenyewe.

Angalia ni wapi nta huanza kuisha. Boneti na paa hutangulia, na watetezi wa hoja ya jua husimamia hapo. Tatizo ni kwamba boneti na paa ndiko pia vumbi linakotua, ndege wanakoachia kinyesi, maji yanakotuama, na kitambaa kinakopita mara nyingi zaidi. Sehemu hizo haziwezi kutuambia ni yupi kati ya washukiwa hao ametenda kosa. Sehemu za chini za milango, nyuma ya matairi, zinaweza. Huko jua ni kidogo na bati halipati joto kama paa, lakini nta huisha mapema vilevile, mara nyingine kabla ya boneti. Kinachofika huko kwa wingi ni matope na mchanga unaorushwa na tairi, kisha mkono wa muoshaji unaosugua kwa nguvu kuliko mahali pengine popote. Kama jua lingekuwa mhusika mkuu, sehemu hizo zingebaki na nta yake miezi mingi.

Katika ndoo ya muoshaji mara nyingi mna sabuni ya unga ya kufulia, au sabuni ya maji ya vyombo. Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaoshikamana na maji na upande mwingine unaoshikamana na mafuta, na kazi iliyotengenezewa ni kung'oa mafuta ya samaki kwenye sufuria na jasho kwenye kola ya shati. Haiwezi kutofautisha mafuta hayo na mafuta yaliyomo ndani ya nta. Sabuni ya unga huongezewa pia magadi, na maji yake huwa na pH ya 10 au zaidi. Nisizidishe: maji baridi ya magadi hayaigeuzi karnauba kuwa sabuni kwa dakika kumi. Kinachotokea ni kwamba yale mafuta laini yanayoishikilia nta pamoja huondoka kidogo kidogo, nta inabaki kavu na dhaifu, na msuguano wa dodoki unamaliza kazi. Mafuta ya taa au dizeli, ambayo wengine huyapulizia kwenye injini kuondoa grisi, ni mabaya zaidi yakidondokea bodi, kwa kuwa huyeyusha nta moja kwa moja. Shampuu ya gari yenye pH iliyo karibu na 7 huondoa vumbi na utelezi wa barabarani bila kuchokonoa tabaka hilo, na kifuniko kimoja cha chupa hutosha ndoo nzima.

Wapo watakaosema shampuu laini haiwezi kutoa tope jekundu la barabara zetu. Ingekuwa kweli kama tope lingekuwa grisi. Tope ni chembe za udongo na mchanga, na kinachozitoa ni maji na subira: lowesha gari lote, liache dakika chache kivulini, kisha lipige kwa mashine ya presha au mpira wa maji kabla mkono haujagusa kitu. Lami na grisi kweli zinahitaji kiyeyusho, lakini kwenye doa lile tu, na doa hilo lipakwe nta upya siku hiyo hiyo. Anayeosha magari kituoni hulipwa kwa idadi ya magari, na si haki kumtaka anunue shampuu kwa ajili ya gari lako. Ni rahisi zaidi kwenda na chupa yako na vitambaa vyako, na kumwomba atumie ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia kitambaa kila kinaporudi na mchanga.

Desturi inayoniumiza zaidi kuliko sabuni ni kufuta vumbi kila asubuhi. Katika nyumba nyingi na maegesho ya ofisi, mlinzi au dereva huamka na kitambaa chenye unyevu kidogo na kulizungushia gari lote, na anafanya hivyo kwa heshima na bidii. Vumbi hilo lina kwatzi, madini yenye ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, magumu kuliko kisu cha kawaida, sembuse klia ambayo ni plastiki na nta ambayo hukwaruzwa kwa ukucha. Kitambaa chenye vumbi hilo ni msasa. Siku thelathini za kufuta namna hiyo huondoa nta na kuiachia klia michirizi ya duara inayoonekana jua linapoipiga. Gari lenye vumbi juu yake halidhuriki kwa kusubiri hadi Jumamosi likaoshwe kwa maji mengi. Kinyesi cha ndege ndicho kisichosubiri, kwa sababu kina asidi na jua hukikaushia kwenye klia. Kiloweshwe kwa kitambaa chenye maji tele kwa dakika kadhaa, kisha kiinuliwe bila kusuguliwa.

Kupaka kwenyewe hakuna mengi. Gari liwe kivulini na bati liwe baridi. Paka nta kidogo sana, kipande kwa kipande, mpaka uone ukungu hafifu tu. Pitisha kidole: kikiacha njia safi inayong'aa, viyeyusho vimekwisha kuruka na unaweza kufuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, kikiacha utelezi, subiri. Mkono wa pili una faida ya kufunika sehemu zilizorukwa, haurundiki unene, na ukipakwa mapema mno viyeyusho vyake huyeyusha ule wa kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi, ambayo ni ya kawaida ukanda wa pwani, yasiachwe yakauke yenyewe, kwani huacha madoa meupe ya chokaa ambayo hutoka kwa asidi, na kusugua kwa asidi ni kuikwangua nta uliyoipaka.

Pengine msomaji atauliza kwa nini asihamie kwenye kinga za seramiki na kuachana na nta kabisa. Ni swali zuri, na kwa mwenye uwezo jibu linaweza kuwa ndiyo. Kinga hizo hutokana na silika, huungana na klia kwa nguvu zaidi ya nta, na zinaweza kudumu miaka. Ila zinadai maandalizi makali kuliko nta, chokaa ya maji ya kisima huzitia madoa vilevile, na kitambaa cha asubuhi chenye kwatzi huzichubua pia. Aliyeshindwa kuitunza nta kwa sababu ya ndoo yake ataipeleka ndoo ile ile kwenye seramiki. Wala nta isisifiwe kwa kazi isiyoifanya: ni nyembamba mno kuzuia miale ya urujuanimno kwa kiasi cha maana, na kazi hiyo ni ya kemikali zilizochanganywa ndani ya klia. Nta hujitoa ili uchafu, kinyesi na chumvi vikutane nayo kwanza.

Kabla ya kupaka tena, hakikisha kwamba nta imekwisha kweli. Vumbi laini na mabaki ya sabuni juu ya nta hufanya maji yatandazike hata kama nta bado ipo chini yake. Osha kwa shampuu, suuza vizuri, kisha mwagia maji kila sehemu peke yake. Mara nyingi utakuta ubavu wa juu wa milango bado unayafukuza maji, na zinazohitaji nta ni boneti, paa na zile sehemu za chini nyuma ya matairi, kazi ya robo saa na kijiko kisichojaa cha nta.