Programu ya Kienyeji: Istilahi za Mashine za Michezo Zilizogeuzwa

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi chache zinazohusu mashine za kuchezea michezo ya video, hasa zile za zamani ambazo hugeuzwa ili ziendeshe programu zisizoidhinishwa na mtengenezaji. Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni la vijana tu, na kwamba halistahili nafasi katika jarida la istilahi. Sivyo. Mashine hizi hupita forodhani, hutozwa ushuru, huuzwa mpya na kwa mitumba, na huweza kuleta kesi. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tangu hapo mfasiri hana tena nafasi ya kujificha nyuma ya neno la kigeni. Akikosea neno, kazi halali ya fundi yaweza kuandikwa kuwa ni wizi, na wizi ukaandikwa kuwa ni ufundi.

Jambo lenyewe

Hapana budi kwanza kukielewa kitu ndipo tukipe jina. Mashine ya michezo ni kompyuta iliyofungwa. Kabla ya kuendesha programu yoyote huikagua kama ina alama ya mtengenezaji, na isipoiona hukataa. Katika PlayStation, iliyotolewa Japani mwaka 1994, sahani halisi ilikuwa na herufi nne za utambulisho zilizotiwa kwa namna ambayo mashine za kawaida za kunakilia sahani hazikuweza kuiiga. Mafundi wakabuni chipu ndogo, ambayo huungwa kwa risasi kwenye ubao wa saketi, nayo ikawa inatuma herufi hizo kwa niaba ya sahani.

Njia ya pili haihitaji hata bisibisi. Mashine ya Wii ilitolewa mwaka 2006. Mwaka 2008 iligunduliwa kuwa mchezo mmoja haukupima urefu wa jina la farasi lililohifadhiwa na mchezaji. Jina lilipokuwa refu kupita nafasi yake, herufi zilifurika na kuingia mahali pengine katika kumbukumbu, na kwa mlango huo programu ya mtu binafsi ikaweza kuendeshwa. Katika PlayStation 2, iliyotolewa mwaka 2000, ilipatikana njia ya kuweka programu katika kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, mashine ikaianzisha yenyewe inapowashwa.

Faida za kugeuza si za mchezo peke yake. Mashine kuukuu huweza kuonyesha filamu, kusoma faili kutoka katika diski mweko, au kumfundisha mwanafunzi kutunga programu. Mtengenezaji wa PlayStation 2 mwenyewe aliwahi kuuza vifaa vya kuiwezesha mashine hiyo kutumia mfumo wa Linux. Lakini mlango ule ule huweza kupitisha nakala za michezo zilizonakiliwa bila idhini, jambo linalokatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hapa ndipo ugumu wa istilahi unapoanza, kwa kuwa kitendo cha fundi ni kimoja, ilhali matumizi yake ni mawili.

Maneno yaliyopo

Mafundi wetu hawakungoja kamati. Wao husema kuchipu, kuflashi na kuchakachua. Maneno mawili ya kwanza yanaeleweka karakanani, lakini kila moja linataja njia moja tu: kuchipu ni kuweka chipu, na kuflashi ni kuandika upya programu iliyomo ndani. Hayafai kuwa jina la kazi yote.

Kuchakachua lina kasoro kubwa zaidi. Neno hili liliwakaa watu midomoni kwa habari za mafuta ya petroli yaliyochanganywa na mafuta ya taa, na tangu hapo limebeba maana ya kughushi na kudanganya. Mtu aliyeifungua mashine aliyoinunua kwa fedha zake hajamdanganya mtu. Kudukua nalo halifai, maana ni kuingia kwa siri katika mfumo wa mwingine. Mfasiri atakayetumia mojawapo ya maneno haya katika hati ya mashtaka atakuwa amekwisha kumhukumu mshtakiwa kabla ya hakimu.

Mbege na gongo

Neno gumu kuliko yote ni lile la kuitaja programu yenyewe. Kiingereza huiita kwa neno ambalo maana yake ya asili ni pombe iliyopikwa nyumbani. Jina hilo lilichukuliwa pia na chama cha wapenzi wa kompyuta kilichokutana kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1975 katika gereji moja huko Menlo Park, California. Steve Wozniak, aliyebuni kompyuta ya kwanza ya Apple, alikuwa miongoni mwa wanachama wake.

Mkazi wa Moshi, au wa Marangu, Machame na Kibosho huko mlimani, hahitaji kufafanuliwa sitiari hiyo. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, kisha hutiwa kimea cha ulezi. Gome la msesewa huipa uchungu wake. Mpishi hutumia mazao ya kihambani, hana kiwanda wala chapa, na wanywaji wanamjua. Kinywaji hicho ndicho hutolewa katika posa, arusi na matambiko. Aidha, Mchaga hachanganyi mbege na gongo. Zote mbili hutoka majumbani, lakini gongo ni pombe ya kukeneka iliyopigwa marufuku na sheria. Kupikiwa nyumbani peke yake hakukifanyi kitu kuwa haramu. Tofauti hii ndiyo hasa tunayoihitaji kati ya programu aliyoitunga mtu mwenyewe na nakala iliyoibwa.

Je, tuseme basi programu mbege? Kiswahili kimewahi kupokea maneno kutoka lugha zetu za Kibantu: bunge kutoka Kiha, na ngeli kutoka Kihaya. Hata hivyo mbege ni jina la kinywaji kimoja cha sehemu moja. Mhaya ana rubisi yake, na mtu wa pwani ana tembo la mnazi. Lakini wote wanazo pombe za kienyeji, na neno hilo linawaunganisha. Kwa hiyo tunapendekeza programu ya kienyeji.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Wako wasemao kuwa kienyeji hudunisha, kama katika usemi kufanya mambo kienyeji. Lakini asili ya neno ni mwenyeji, na sokoni kuku wa kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko wa kisasa. Programu ya nyumbani ingedhaniwa kuwa ni ya matumizi ya familia. Programu huria ni istilahi iliyokwisha kupata kazi nyingine, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuisambaza. Programu ya kienyeji yaweza kuwa huria au isiwe.

Mapendekezo

Kichezeshi: mashine iliyoundwa hasa kwa kuchezea michezo ya video. Limetokana na chezesha, kwa mfano wa kichapishi na king'amuzi.

Kugeuza kichezeshi: kukifanya kiendeshe programu zisizoidhinishwa na mtengenezaji, kwa njia yoyote ile. Kurekebisha libaki kwa matengenezo ya kawaida.

Chipu ya kugeuzia: chipu inayoungwa ndani ya kichezeshi kwa kusudi hilo.

Programu asili: ile iliyotiwa na mtengenezaji ndani ya kichezeshi.

Ufa: kasoro ya programu inayoruhusu nyingine kupenya. Kitendo cha kuutumia kiitwe kupenyeza.

Programu ya kienyeji: programu iliyotungwa na mtu au kikundi bila idhini ya mtengenezaji wa kichezeshi.

Nakala haramu: nakala ya kazi ya mwingine iliyotolewa kinyume cha sheria ya hakimiliki.

Kufa: hali ya kichezeshi kutowaka tena baada ya programu asili kuharibika. Kiingereza hukifananisha na tofali, lakini fundi wetu husema kimekufa, na hakuna haja ya kumsahihisha.

Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wayajaribu maneno haya katika kazi zao, hasa mahali ambapo programu ya kienyeji na nakala haramu hutajwa katika hati moja. Istilahi itakayoshindwa kuzitenganisha hizo mbili iachwe, hata kama ni tamu masikioni.